Njia ya Maji Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tausi alifagia vumbi la mbao. Alifagia sebule, akafagia vyumba, akapangusa hata vikombe vya chai, maana vumbi lile halikuwa na adabu, lilijiingiza popote. Baba yake, Fundi Anwari, alikuwa seremala hodari kuliko maseremala wote wa Masoko, au hivyo ndivyo Tausi alivyowatambia wenzake wa darasa la sita. Makabati na vitanda vyake vilinunuliwa mpaka Tukuyu mjini. Taabu ilikuwa moja tu: kazi yote hiyo aliifanyia barazani, mlangoni pa nyumba waliyolala.

Muddy, mdogo wake Tausi, alikuwa na umri wa miaka minne na kifua kibovu. Baba akipiga randa, Muddy anakohoa. Baba akipaka vanishi, Muddy anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Safari ya mwisho walipompeleka zahanati, muuguzi hakuzunguka. Alimwambia mama yao, Bi Rahima, "Dawa nitakupa, mama, lakini mtoto huyu hatapona akiendelea kuvuta vumbi na harufu ya vanishi. Ile kazi iondoke barazani."

Jioni ile Bi Rahima alimfikishia mumewe maneno hayo wakati wa chakula. Baba Tausi aliacha kula kwanza. Halafu akasema, "Basi tutajenga karakana nyuma ya nyumba. Isimame peke yake, mbali na vyumba."

"Sawa, lakini fukuto la hapa Masoko si unalijua?" Mama alisema. "Mvua ikikatika jua likawaka, ukijifungia mle na bati juu ya kichwa, utatoka umeiva kama ndizi ya kuchemsha."

Wote walicheka, hata Muddy, ambaye hakujua wanacheka nini. Baba alieleza kwamba kuta ataziachia matundu mapana juu, chini ya paa, ili hewa ya moto itoke. Paa atalichomoza mbele ili mvua ya upepo isiingie ndani. Sakafu ataiinua kutoka ardhini, kwa sababu unyevu ndio adui wa seremala: mbao zinavimba, na misumeno inashika kutu.

"Sasa tujenge upande gani?" Tausi aliuliza.

Hapo ndipo penye kazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa chini, kando ya migomba, tambarare nzuri ya kumtamanisha fundi yeyote. Nyingine ilikuwa juu, karibu na mibuni, imejaa mawe. Baba aliipenda ile tambarare, ila hakutaka kuharakisha.

"Mvua za kwetu zina mambo yake," alimwambia Tausi. "Mimi wiki hizi mchana niko Tukuyu napachika milango, mvua zote zinanikuta huko. Wewe ndiye uko nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha, toka nje utazame maji yanapita wapi, uchomeke vigingi. Usisubiri yakauke, udongo wetu unakunywa maji upesi, ukichelewa huoni kitu. Na usikisie. Utazame kwa macho yako."

"Nimekuelewa, Baba," Tausi alijibu, na siku ile alikusudia kweli.

Lakini mvua kubwa iliponyesha, Tausi alikuwa kwa akina Sekela, rafiki yake wa jirani. Walikuwa wamekaa jikoni wakisukana nywele na kutafuna mahindi ya kuchoma, mahindi yenyewe yamekolea chumvi na pilipili. Mvua ikapiga bati mpaka wakawa wanasemezana kwa kupiga kelele. Tausi alikumbuka vigingi. Akatazama matope nje, akatazama hindi lake, akajiambia atakwenda ikipungua. Ikapungua, naye hakwenda. Alipofika nyumbani, ardhi ilikuwa imeshakunywa maji yote.

Basi akafanya nini? Akachukua vigingi, akavichomeka kufuata mfereji wa zamani uliopita pembeni mwa ua. Alijisemea kwamba maji yanapita mferejini, yatapita wapi tena?

Jioni Baba alirudi amelowa, akaviona vigingi, akafurahi. "Umeyaona mwenyewe maji yakipita hapa?"

"Ndiyo, Baba," alisema Tausi.

"Hongera, mwanangu. Sasa nina msaidizi," Baba alisema, akamshika bega. Tausi alijisikia vibaya, lakini alinyamaza, na kadiri siku zilivyopita kunyamaza kukawa rahisi.

Kazi ikaanza. Fundi Ackson, mwashi wa kutoka Nkunga, alikuja akavitazama vigingi, akaridhika kwamba maji hayafiki kwenye tambarare. Akafunga kamba kuonyesha kuta zitakapokaa, wakachimba mtaro wa msingi. Mchanga ukaletwa, kokoto zikaletwa, saruji ikafunikwa kwa turubai. Majirani waliahidi kuja Jumamosi asubuhi kusaidia kumwaga zege, na Mama alishaandaa ndizi za kuwapikia.

Ijumaa alasiri, Baba alipokwenda kuazima ndoo na sepetu, mvua ikafunguka. Haikuwa ya mchezo. Tausi alikuwa amesimama mlango wa nyuma, na loo! Mfereji wa zamani ulifurika mara moja, maana ulikuwa umejaa udongo na majani tangu mwaka juzi. Maji yakauruka, yakageukia kwenye migomba, yakashuka moja kwa moja hadi kwenye tambarare. Yalijaza mtaro wa msingi, yakapita chini ya kamba za Fundi Ackson, pale pale ambapo Baba alisema ataweka meza yake ya kazi.

Tausi alinyakua jembe akatoka mbio. Alichimba huku mvua ikimpiga mgongoni, akijaribu kuyageuza maji yarudi mferejini. Wapi! Kila alipoziba, yalitokea pengine. Alirudi ndani akitetemeka, matope mpaka magotini.

Mvua ilikatika. Jua likawaka, mvuke ukapanda kutoka ardhini, na taratibu yale maji yakanywewa. Baba aliporudi jioni, mtaro ulikuwa na unyevu tu, kama ulivyo mtaro wowote wakati wa mvua. Mama alikuwa chumbani na Muddy, kwa hiyo hakuna aliyeona isipokuwa Tausi. Angeweza kunyamaza, na kesho zege lingemwagwa.

Chumbani Muddy alianza kukohoa. Tausi alimsikia Mama akimbembeleza, "Vumilia, baba'angu, karakana inajengwa." Tausi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Karakana yenyewe itajaa maji, Baba atarudi barazani na randa yake, na Muddy atarudi kwenye kukohoa. Na haya yote kwa ajili ya hindi la kuchoma!

Alimfuata Baba aliyekuwa akikunja mkeka baada ya kuswali magharibi. "Baba, nilikudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Vigingi. Sikuyaona maji. Nilikuwa kwa akina Sekela, nikavichomeka kwa kukisia. Leo mvua imenyesha, maji yote yamepita kwenye msingi." Hapo kilio kikamshinda.

Baba aliutua mkeka chini. Kisha akasema kwa ukali, "Nilikuuliza kama uliyaona mwenyewe. Nilikuuliza!"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Kesho watu wanakuja. Nitawaambia nini?" Alitembea huku na huku. Mwisho akasimama. "Sitawaambia mimi. Utawaambia wewe."

Tausi hakulala vizuri. Asubuhi majirani walifika na majembe yao mabegani, na Tausi akasimama mbele yao, Sekela naye yumo akimtazama. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Aliwaeleza yote, na aliomba radhi.

Jirani mmoja aliguna, mwingine akatikisa kichwa. Fundi Ackson alikwenda mpaka kwenye mfereji, akachokoa udongo uliouziba, akarudi. "Na mimi nimekosa," alisema. "Niliamini vigingi tu, sikuukagua mfereji. Ndaga fijo, binti, nakushukuru. Zege lingeshamwagwa, leo hii ningekuwa nalia mimi." Akachomoa vijiti vilivyoshika kamba. "Haya jamani, tuhamie juu!"

Kule juu kwenye mibuni kulikuwa na kazi ya kweli. Kila jembe lilipopiga, lilikutana na jiwe. Tausi hakuambiwa, lakini alianza kuyabeba yale mawe, moja baada ya jingine, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Sekela alikuja akashika upande wa pili wa jiwe kubwa. "Siku nyingine useme una kazi ya baba yako," alimtania. "Mahindi ningekuletea huko huko nje!"

Mawe yale hayakutupwa. Fundi Ackson aliyapanga chini ya sakafu, na karakana ikainuka juu ya ardhi kama Baba alivyotaka. Kuta zilikamilika, matundu yakaachwa chini ya paa, na paa likachomozwa mbele. Siku ya kwanza Baba alipohamishia vifaa vyake huko, Mama alifua mapazia ya sebule, akayaanika, akashangaa kuyaona yanakauka bila vumbi.

Mvua kubwa ikanyesha tena. Safari hii Baba alikuwa nyumbani, akipiga randa. Tausi aliingia kukagua sakafu, akainama hadi pembeni kabisa mwa ukuta. Palikuwa pakavu. Nje, maji yalishuka kupitia kwenye migomba, yakaenda zake kwenye ile tambarare. Nyumbani Muddy alikuwa amelala usingizi mzito, na kwa siku kadhaa sasa kikohozi kilikuwa kimepungua sana.

"Baba, bado una hasira na mimi?" Tausi aliuliza.

Baba aliweka randa chini. "Nilikuwa nayo. Uliponidanganya, Tausi, ulitaka kutujengea sote kwenye maji, na mdogo wako akiwemo. Lakini jua kwa nini nilikusamehe. Si kwa sababu ulilia. Ulisema wakati tulichotakiwa kuhamisha kilikuwa kamba tu. Kosa ukilisema mapema, linatengenezeka. Ungenyamaza siku moja zaidi, tungekuwa tunabomoa msingi."

"Sitarudia, Baba."

"Najua. Sasa Mama yako anasema jikoni kunavuja, nami nataka kujua panapovuja kabla sijanunua bati. Nenda ukanitazamie."

Tausi alitazama nje. Mvua ilikuwa bado inamwagika, na Sekela alikuwa anamwita kutoka ng'ambo ya ua. "Nakuja baadaye!" alimjibu, akajifunika kanga ya mama yake kichwani, akakimbilia jikoni kutazama panapovuja kabla mvua haijakatika.