Kipande cha Sleti Mfukoni mwa Elis

Ilianza na mlio mdogo tu: ko, ko. Beleshi likigongwa mara mbili kwenye chuma kabla mlango wa tanuru haujafunguliwa. Elis Prydderch, dereva wa Blodwen, garimoshi kongwe kuliko yote katika reli ya bonde lile, aligeuka kumkanya Ifan. Kumbe Ifan, mchochea moto wake mpya, alikuwa amekaa juu ya lundo la makaa ya mawe anakula mkate na jibini. Beleshi lilikuwa limelala miguuni pake.

"Umesikia?" Elis aliuliza.

"Nisikie nini, mzee?"

"Basi. Kula."

Kugonga mara mbili ilikuwa tabia ya Tudur, mchochea moto aliyemtangulia Ifan, na Tudur alikuwa kaburini tangu msimu wa baridi.

Siku ya ajali Blodwen alikuwa amechelewa. Elis, ambaye alijivunia saa yake kuliko nafsi yake, alichomeka kipande cha sleti, jiwe lile wanaloezekea nyumba, chini ya mkono wa vali ya usalama, ili mvuke usitoke bure na mlima upandike. Madereva wengi wa bondeni walifanya hivyo na hakuna aliyekiri. Bomba likapasuka. Tudur akaungua, akafa siku ya tatu. Wakaguzi walipokuja, Elis, shemasi anayekaa mbele kanisani mbele ya macho ya wote, aliweka mkono juu ya Biblia akasema sleti iliwekwa na Tudur. Wiki hiyohiyo Lowri, mjane wa Tudur, alitolewa kwenye nyumba ya reli. Elis alikwenda kumsaidia kubeba meza. Alimbebea meza, na mwanamke wa watu akamshukuru.

Baada ya mlio ule, sleti ikaanza kurudi. Aliikuta kwenye kopo la chakula, ya moto, imelowa. Akaitupa mtoni. Akaikuta ndani ya kitabu cha nyimbo. Akaitupa tena. Kila ilipokuja, ilikuja na harufu ya peremende za mnanaa alizopenda kumung'unya Tudur, na chini ya mnanaa harufu ya sufu iliyoungua.

Alhamisi mchana walikuwa wanapanda mlima wakati mshale wa kipimo cha mvuke ulipopita alama nyekundu na vali haikupumua. Elis alitoka nje akashika ukingo wa boila, akaenda akijikokota huku upepo ukimpiga usoni na magurudumu yakinguruma chini yake, akafika kwenye vali akapapasa chini ya mkono wa vali hiyo akakuta hakuna sleti wala waya wala chochote, ila vidole, vidole vyenye malengelenge vilivyoukandamiza ule mkono kwa utulivu, na sikioni mwake pumzi ya mnanaa ikasema taratibu, "Bosi, nani aliiweka?"

"Mimi," Elis alinong'ona. "Mimi, Tudur."

Vali ikafunguka kwa kishindo. Alirudi ndani, akamweleza Ifan yote. Ifan hakumtazama.

"Usiniambie mimi, mzee. Leo Alhamisi. Kawaambie wao."

Kila Alhamisi jioni waumini hukutana kanisani, na mwenye jambo moyoni husimama akalisema mbele ya wenzake. Elis alikuwa amesikiliza maungamo ya watu miaka kumi na tisa, akitikisa kichwa kwa huruma. Siku hiyo alisimama yeye. Lowri alikuwa benchi la nyuma kabisa, peke yake, kwa kuwa mke wa mzembe hakai na watu.

Elis aliona nyuso zile zinazomheshimu.

"Ile sleti," alisema, "haikuwa ya Tudur peke yake. Tulikubaliana. Sisi wawili."

Watu wakaguna kwa upole. Mchungaji akaanza kuinuka amshike mkono. Chini ya kiti cha mashemasi kukasikika: ko, ko. Mfukoni mwa Elis kitu cha moto kikaanza kumuunguza paja.

Lowri alinyanyua uso, akanusa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amekaa hapo ubavuni mwako, Elis. Sema tena, asikie."

Elis alilia mbele ya watoto na wazee. "Ni mimi. Peke yangu. Tudur alinikataza. Alipokuwa anakufa aliniomba nikwambie, nikamwahidi, halafu nikaja kukubebea meza."

Hakuna aliyeguna safari hii. Sleti ilipoa mfukoni. Harufu ya mnanaa ikaondoka mbele, ikapita katikati ya mabenchi polepole, na watu wakageuza vichwa kuifuata. Huko nyuma Lowri alikusanya sketi yake, akasogea kumpisha mtu akae.

Mbele, mashemasi nao walisogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka Elis akabaki na kiti kizima.