Amri ya Saa Mbili na Dakika Arobaini

Mwili wa Suud, fundi wa njia, ulikuwa chini ya behewa la kwanza la mawe. Inspekta Mahfoudh aliufunika, kisha akaitazama saa ya marehemu. Kioo kilikuwa kimepasuka, na mishale imesimama saa mbili na dakika arobaini na tatu asubuhi.

Ilikuwa mwaka 1969. Reli hiyo fupi ilikuwa ya wajenzi wa bandari pale Matrah. Treni moja tu ilishusha mawe kutoka machimboni.

"Muuaji yule pale," alisema Marhoon, mtoaji amri za treni kwa redio ya upepo, isiyo na waya. "Nilimwambia Bakhit asimame, kuna mtu njiani. Hati aliyoiandikia amri yangu nimeiokota kitini pake."

Mahfoudh aliisoma. Amri ya kusimama, saa mbili na dakika arobaini, jina la Bakhit chini. Herufi zilikuwa zimenyooka kama za msahafu.

Bakhit, dereva, alikwisha tiwa pingu.

"Sikuambiwa kitu, wallahi! Redio ilikuwa kimya."

"Shahidi wako?"

"Thani, msaidizi wangu."

"Shemeji yake huyo!" alidakia Marhoon. "Atasema nini tena?"

Rahila, mke wa Bakhit, alimsogelea inspekta. "Ukimfunga huyu, bwana, mie ndo nimeshakuwa kizuka, mjane wa mume aliye hai."

Mahfoudh aliitia ile hati mfukoni.

Siku ya pili, Suud akiwa amekwisha zikwa, alikwenda machimboni. Stakabadhi ya mizani ilionesha treni iliondoka saa mbili na dakika thelathini na tano. Hadi alipofia Suud ni mwendo wa dakika nane, bila kusimama.

Akapanda injini na dereva mwingine, akachukua hati tupu na penseli. Treni ilipokuwa mbioni akajaribu kuinakili ile amri. Herufi zikaruka, zikapandana.

Thani, aliyepanda naye, akacheka. "Umeshaniiga mwandiko, bwana! Bakhit hushika breki na kusema redioni, mie ndo naandika. Magurudumu yakizunguka, dereva haandiki. Akiwa peke yake, husimama kwanza."

Akatoa hati za miezi mitatu. Zote zilikuwa za mkono wake, zote zimeyumba.

Mahfoudh akamwendea Marhoon kibandani.

"Umewahi kupanda injini?"

"Mimi? Kazi yangu mezani, bwana."

"Ukitoa amri, nani huirudia?"

"Bakhit. Siku zote Bakhit."

"Ukadhani na kuandika anaandika yeye."

Mahfoudh akazipanga hati za Thani kando ya ile hati ya kitini.

"Saa mbili na dakika arobaini treni ilikuwa inakwenda. Hii imeandikwa mezani. Meza gani, Marhoon?"

Marhoon akaketi.

"Suud alinambia nifunge njia. Nna mama Unguja, bwana, miaka mitano sina habari zake. Nikaambiwa atanisalimu katika salamu za redio ya Unguja asubuhi ile. Nikaacha kutoa amri, nikasikiliza salamu. Nikaja kusikia kishindo. Nikaogopa kufukuzwa kazi. Nikaandika hati, nikakimbia nikaitia kitini Bakhit alipokwisha shuka."

"Mama alikusalimu?"

"La."

Mahfoudh alizikusanya hati. Yeye pia alizaliwa Unguja.

"Kusahau ningekutetea," alisema taratibu. "Lakini kumtwika mwenzio maiti, hilo ulilikusudia."

Adhuhuri hiyo Bakhit alifunguliwa pingu mbele ya wachimba mawe wote. Thani akamnyanyua juu. "Dereva wetu huyo!" walipiga kelele, wakamzungusha mabegani hata kilemba kikamwanguka.

Rahila akapiga kigelegele kimoja kirefu, na milima ya Matrah ikamrudishia.