Wiski Ilipofunguka

Jua lilikuwa linazama nilipotoka mlango wa nyuma wa ghala kumwaga maji ya kuoshea glasi. Ndani, wanunuzi wawili walishaketi mezani na bosi alikuwa anawachekesha. Sisi wafanyakazi tulimwita Pua, kisirisiri, maana pua ndiyo iliyompa jina mjini. Ananusa glasi, anataja kilichomo, na watu wanaamini kila neno.

Nilikuwa najilaani. Nilikuwa nimesahau chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa na maji ambayo mama alisuuzia shati la kaka yangu, shati alilokuwa amelivaa alipokufa. Kaka alikuwa fundi wa mapipa ghalani humu. Mikono yake ilikuwa migumu kama mbao alizozichonga, na kidole gumba kimoja hakikuwa na kucha, nyundo iliing'oa. Walimkuta amekufa katikati ya mapipa, shati limelowa wiski. Pua akasimama msibani, mbele ya mama, akasema kijana alijinywea mpaka akafa. Kaka yangu! Mtu ambaye hata soda ilimtoa machozi. Tangu siku ile mama akipita, watu wanashusha sauti.

Mama alilifua shati peke yake. Akayakinga yale maji, akayanenea maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasikia.

"Mtilie kinywani," aliniambia. "Aseme mwenyewe alichomfanya mwanangu. Sitaki kingine."

Na mimi, kichwa maji, nikaiacha kabatini nyumbani.

"We... shika."

Sauti ilinong'ona kwenye geti dogo. Nikageuka. Mama. Amejitanda mtandio mpaka puani, amepenyeza mkono kati ya nondo, na chupa iko mkononi.

"Mama! Umefikaje na miguu iliyovimba hivyo?"

Nilipoipokea chupa alinishika kifundo cha mkono, akanibonyeza kidogo kama mtu anayeaga. Kiganja kilikuwa cha baridi. Nilisikia harufu ya vumbi la mbao, nikadhani ni ya ghala tu. Nikakimbilia ndani.

Waonjaji wana desturi yao. Wiski hunuswa kwanza kavu, kisha hutiwa tone la maji ili ifunguke, harufu zilizojificha zitoke. Na Pua alikuwa na sheria moja aliyojivunia sana: pua ikisikia, mdomo useme palepale, bila kuchuja.

"Hii ni wiski ya Ireland," aliwaambia, "nimeimalizia kuikomaza kwenye mapipa ya mwaloni wa Japani. Mti msumbufu huo, unavuja. Lakini ngojeni muone."

Akanusa. "Asali... ganda la chungwa... udi, kama nguo zilizofukizwa."

Mwanamke mwenye hoteli akafumba macho kwa raha. "Jamani, kweli kabisa!"

"Maji," Pua alisema, bila hata kuniangalia.

Nikadondosha tone moja kutoka kwenye ile chupa.

Akanusa. Akaonja.

"Mbao mbichi," alisema taratibu. "Nta ya kuzibia... Jasho."

Mnunuzi wa pili, mzee wa miwani, akacheka. "Jasho tena, bosi?"

"Jasho la mtu mwenye hofu." Alijaribu kuiweka glasi mezani. Mkono haukushuka. "Madirisha yamezibwa. Niliyaziba mimi, wiski isipotee hewani. Mvuke... mvuke mzito, unakaba."

"Bosi, uko sawa?"

"Chuma. Ufunguo. Nilimwambia, hutoki humo mpaka pipa liache kuvuja. Nikafunga kwa nje."

Ko... ko... ko...

Sote tulisikia. Ilitoka stoo, nyuma ya ukuta. Ilitoka ndani ya pipa.

Pua alikuwa analia sasa, machozi na kamasi, lakini mdomo haukuacha kazi yake.

"Anagonga. Nimekaa hapahapa, nakula, namsikia. Nikasema akinyamaza atakuwa ameshika adabu... Akanyamaza." Glasi ikarudi tena mdomoni. Hakutaka. Nilimwona anavyobana meno, na wiski ikapenya hivyohivyo. "Shati kavu. Hakuonja hata tone. Nilimmwagia mimi. Wiski nilimmwagia mimi!"

Mwenye hoteli alikuwa anarekodi kwa simu. Mzee wa miwani alikuwa koridoni, anawaita polisi. Mimi nilisimama na trei yangu, na sitaficha: nilifurahi. Nilitamani ile chupa ingekuwa ndoo.

Polisi walipomwingiza kwenye gari alikuwa bado anataja. Udi. Jasho. Ufunguo. Udi. Jasho. Ufunguo.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mama alikuwa kitandani, miguu imevimba, ameiegemeza juu ya mto.

"Amesema, mama! Mbele za watu! Kasema shati lilikuwa kavu. Bora ulivyoniletea ile chupa."

Mama alijiinua kidogo kitandani.

"Chupa gani? Mimi leo hata chooni nimekwenda kwa kushikwa mkono na jirani."

Akaonyesha kabatini kwa kidevu.

Chupa ilikuwa pale. Kizibo hakijaguswa. Imejaa.

Niliingiza mkono mfukoni, nikaitoa ile niliyopewa getini. Ilikuwa kavu kabisa. Ndani mlikuwa na vumbi la mbao tu.

Ndipo nikaukumbuka vizuri ule mkono. Ulivyonishika. Kidole gumba kilivyonibonyeza kifundo...

Nyama tupu. Hakikuwa na kucha.

Nilimwambia mama. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa gauni.

"Kumbe alikuja mwenyewe," alisema. "Haya, niletee hiyo yangu."

Nikampa. Akaipakata kama mtoto.

Ko... ko... ko...

Kabatini. Hamkuwa na kitu kingine mle ndani, ila shati la kaka.

Mama hakugeuka hata kuangalia. Aliiinua chupa kwenye mwanga wa taa, akaitikisa.

"Hii bado imejaa," alinong'ona. "Hebu niambie, mwanangu. Nani mwingine alimwita kaka yako mlevi?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumtajia.