Funda la Maji kwenye Santuri

Usiku ule ilisikika sauti moja tu, ya mtu akivuta funda la maji.

Lewis alikuwa kitandani katika chumba chake cha kupanga mjini Voi, mlango umetiwa komeo. Hakusikia kikombe kikigonga ndoo. Hakusikia hatua. Alisikia maji tu yakiingia mdomoni mwa mtu, taratibu, kama mtu aliyeshinda na kiu kutwa nzima. Akabana pumzi, angoje kumsikia akimeza.

Hakumeza.

Na siku yenyewe ilikuwa imeanza kama Jumamosi nyingine yoyote. Jua kali, vumbi jekundu, malori yakinguruma kwenye barabara ya Mombasa. Asubuhi Lewis na Hanif walikwenda stendi kuchukua katoni zao kwenye ofisi ya vifurushi, wakazibeba mabegani hadi dukani kwa babake Hanif, anakouza magodoro. Stoo ya duka hilo ndiyo iliyokuwa studio yao. Magodoro yalipangwa ukutani hadi darini, yakameza kelele zote za mji, na humo ndani ndimo bendi ya Miiba ilimorekodi albamu yake ya kwanza: nyimbo nane za panki, za kasi, za hasira, zilizochapwa kwenye santuri nyeusi mia mbili. Albamu iliitwa *Hatutaki Pole*.

Hanif, mpiga besi, alipasua nailoni ya santuri ya kwanza akageuza jalada. Nyuma paliandikwa: *Maneno na sauti: Lewis.* Akausoma mstari ule mara mbili.

"Buda, ungemweka hata kwa herufi ndogo."

"Tulishakubaliana," Lewis akasema.

"Ulikubaliana wewe. Mimi na Kilonzo tulinyamaza."

Kilonzo ndiye aliyepiga ngoma. Watu wa Voi walioijua Miiba tangu mwanzo walijua kwamba haikuwa bendi ya watu watatu. Walikuwa wanne. Wa nne alikuwa msichana wa kijiji cha Ronge, mwembamba, mcheshi, mwenye sauti kama bati linaloraruliwa na upepo. Nyimbo zote nane aliziandika yeye, kwenye daftari la buluu, baada ya ndovu kushuka shambani kwa mamake na kulimaliza kwa usiku mmoja. Afisa wa wanyamapori alikuja, akapiga picha, akasema pole, akaenda zake. Ndipo msichana akaandika:

*Ndovu kala kunde, afisa kaleta pole.*
*Pole haipikwi, pole hailiwi.*
*Hatutaki pole!*

Wiki ya kurekodi, kifua kikambana. Alimwambia Lewis, "Nipe wiki mbili tu, nikimalize kikohozi hiki." Lewis akasema sawa. Kesho yake akaliegemeza daftari la buluu kwenye godoro, akaimba mwenyewe. Tangu siku hiyo watatu hao hawakumtaja tena. Wakiulizwa, walisema, "Ni sisi tu." Nasi jina lake tuliache pale walipoliacha.

Basi, Jumamosi ile mchana, Lewis akiwa bado anapasua nailoni, simu ikalia. Alikuwa Tryphena, mamake msichana. Lewis alikuwa amekula kimanga chake cha muhogo na maharagwe mara nyingi, na mama huyo alizoea kumwita mwanangu.

"Mwanangu, ameiona picha ya jalada kwenye simu. Ameona mlivyoandika. Hakulia. Ameomba maji, anataka kutasa."

Lewis ni Mdawida, Mtaita halisi, hakuhitaji kuelezwa. Mtu akiwa na hasira na mtu wake wa karibu, hasira hiyo huwa haikai bure moyoni. Huuma mifugo, huuma watoto, humuuma hata mwenyewe aliyeibeba. Kwa hivyo hutasa: aliyekosewa hushika funda mdomoni, wazee kwa pombe ya miwa, wa kanisani kwa maji, wakasimama uso kwa uso. Aliyekosea anasema kosa lake. Aliyekosewa anatema, anasema yamekwisha. Na huwa yamekwisha kweli.

"Njoo usimame mbele yake," Tryphena akasema. "Useme kwa mdomo wako. Hataki kwenda na hasira hii."

"Mama, leo jioni tuna shoo. Jumatatu nitakuja, haki ya Mungu."

Mama akanong'ona, "Ameshayashika mdomoni tangu saa nne."

Lewis akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Si ateme tu, mama? Maji hayanihitaji mimi."

Shoo ilifana. Vijana waliruka hadi sakafu ikatetemeka, wakapiga kelele *hatutaki pole* mpaka wakakaukiwa. Usiku ule, chumbani, ndipo Lewis aliposikia funda.

Asubuhi Kilonzo akapiga simu.

"Amefariki jana, saa moja na nusu. Sisi tukiwa jukwaani. Lewis, alikataa kuyatema. Mamake anasema alikata roho mdomo umefumba, mashavu yamejaa. Walipomfumbua wamsafishe, hamkuwa na tone. Ulimi mkavu kama karatasi."

"Aliyameza."

"Maiti haimezi, buda."

Jumatatu, Lewis hakwenda Ronge. Alikwenda nyumbani kwa kina Hanif, kwa kuwa ndipo penye mashine ya santuri. Ilikuwa ya bibi yake Hanif, Bi Mwanarusi, ajuza aliyekuja Voi kutoka Lamu akiwa bi harusi, na sanduku la santuri za taarab likiwa zawadi yake ya arusi. Bibi akaweka sindano kwa mkono usiotetema. Gitaa likalia, ngoma zikafuata, sauti ya Lewis ikapasua sebule. Bibi akaisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Makelele," akasema, "lakini yana maneno. Hebu niambie, babu, huyu avutaye maji kila mara kabla hujaanza kuimba ni nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni mikwaruzo."

"Mikwaruzo naijua. Nimesikiliza sahani hizi tangu sina mvi. Huyu ni mtu." Akairudisha sindano mwanzo. "Sikiza."

Wakasikiza. Kabla ya wimbo wa kwanza, funda. Kabla ya wa pili, funda. Kabla ya wa tatu, funda. Mara nane mtu alivuta maji, na hata mara moja hakumeza.

Hanif akafungua santuri nyingine, mpya, yenye nailoni yake. Nayo ikawa vilevile.

Jumatano saa tano asubuhi walialikwa kwenye kituo kidogo cha redio hapo mjini. Mtangazaji, Jannat, alikuwa binti mchangamfu aliyeipenda albamu kikweli. Akawatania kuhusu nywele zao, akacheza wimbo mmoja, kisha akamgeukia Lewis.

"Maneno haya yananiuma, wallahi. Aliyeyaandika aliumia. Ni nani?"

Kilonzo akamwinamia Lewis sikioni. "Sema jina lake tu. Iishe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Jina moja. Lewis alilisikia likiwa tayari ulimini. Halafu akazikumbuka zile santuri mia mbili, na mstari ule mmoja nyuma yake.

"Mimi," akasema.

Maji yakamtoka.

Hakutapika. Hakukohoa. Yalitiririka tu mdomoni, baridi, safi, juu ya kipaza sauti, juu ya shati, juu ya karatasi za Jannat. Akafumba mdomo. Ukajaa. Akaufungua. Yakamwagika. Akafumba. Ukajaa. Jannat akazima mitambo. Redio za Voi nzima zikawa kimya, na kabla hazijanyamaza, walio karibu nazo walisikia tone moja likidondoka.

Hakusema tena. Daktari alimmulika koo, akasema ni safi. Akala kwa shida, akalala ameketi. Kila alipotaka kutamka neno, lolote lile, mdomo ulijaa kabla ulimi haujasogea. Ijumaa msichana alizikwa. Lewis hakuhudhuria, maana angewapaje pole wafiwa?

Jumamosi Hanif akamchukua hadi Ronge. Bi Mwanarusi aliwapa ile mashine, ya kubebeka kama sanduku, yenye betri. "Mpelekeeni mama wa watu," alisema. "Haifai ulimwengu usikie maneno ya mwanawe kabla yake."

Tryphena aliwakuta mlangoni. Saa sita, jua la utosi, kaburi jipya nyuma ya migomba. Hakuwafukuza. Aliweka kiti kimoja uani, akamkalisha Lewis, akasimama mbele yake mikono mitupu.

"Haya. Sema."

Lewis akafungua mdomo. Maji yakamwagikia mapajani. Akajaribu tena. Na tena. Akalia, na machozi yake hayakutofautiana na yale maji. Mwishowe akachomoa kalamu na daftari la buluu, akaanza kuandika. Tryphena akampokonya daftari, akalikumbatia kifuani.

"Kutasa si kwa kalamu," akasema polepole. "Ni mdomo. Mwanangu aliuweka wake tayari tangu saa nne hadi jioni, akiangalia mlango huu huu. Nikimwambia meza, anatikisa kichwa. Nikimwambia tema, anatikisa kichwa. Anakungoja wewe." Akavuta kigoda, akaketi. "Nami sijamtaja tangu azikwe. Niliapa hatatajwa uani hapa mpaka umtaje wewe. Kwa hivyo tutangoja."

Wakangoja. Kivuli cha nyumba kikahama. Hanif, kwa kukosa la kufanya, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ungependa kuisikia?"

"Iweke."

Sindano ikashuka. Funda, kisha wimbo. Funda, kisha wimbo. Tryphena alitikisa kichwa polepole kwa maneno aliyoyajua, maneno ya kunde zake mwenyewe. Upande wa kwanza ukaisha, Hanif akageuza. Wimbo wa nane ukafika mwisho. Sindano ikaingia pale pasipo na kitu, ikawa inazunguka. Krr. Krr.

Hanif akanyoosha mkono aiinue.

"Iache," Tryphena akanong'ona.

Krr.

Krr.

Kisha mtu akatema.

Pfuu! Matone yakaruka juu ya santuri, juu ya jalada, juu ya vidole vya Hanif. Hanif akageuka haraka kumtazama Lewis. Midomo ya Lewis ilikuwa imefumba. Mashavu yake bado yamejaa.

Waliozinunua santuri hizo Voi, Mwatate na hata Mombasa wanasema zao pia zina kipande kile mwishoni, na nyuma ya kila jalada pana doa la maji, juu ya mstari ule mmoja. Waliozichapa waliandikiwa wakaulizwa. Walijibu kwamba katika kazi waliyoletewa, baada ya wimbo wa nane hapakuwa na kitu. Na Lewis siku hizi huuza magodoro dukani kwa babake Hanif. Mteja akiuliza bei, humwonyesha kwa vidole.

Lakini siku ile, pale uani, walikuwa watu watatu tu, wakikisikia kipande hicho kwa mara ya kwanza. Sauti iliyotoka kwenye santuri ilikuwa ya Lewis. Sauti yake ya zamani, kavu, isiyo na tone. Bila gitaa. Bila ngoma.

"Maneno haya si yangu," ikasema. "Niliyachukua akiwa mgonjwa. Aliponiita, sikwenda."

Ikavuta pumzi.

"Ni ya Wakesho."