Mvinyo Niliommiminia Mdogo Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja wa kike, Kabula, mkazi wa Kambarage hapa Shinyanga mjini. Nimesita sana kabla ya kusimulia haya. Lakini yaliyonikuta yalilelewa na ukimya, kwa hiyo acha leo niseme.

Mume wangu nitamwita Deo. Ni mtu wa Ushirombo, kwao ni wakulima, watu wa kanisa. Nilipokutana naye alikuwa mhudumu wa meza kwenye kambi ya wageni karibu na mgodi mmoja, upande wa Segese. Huko ndiko alikojifunzia mambo ya mvinyo. Mimi nilikuwa nachoma nyama. Mama yangu alichoma nyama maisha yake yote, nami nikashika koleo lake.

Tulipooana tukaunganisha ujuzi wetu. Kiangazi kikiingia huku kwetu, mvua zikishakatika na nyasi kuwa rangi ya simba, watu hupenda kutoka nje ya mji Jumapili baada ya ibada. Wanatafuta kivuli kwenye yale mawe makubwa, wanatandika mikeka, wanakula na kuongea mpaka jua lipoe. Sisi tulikuwa tunawaandalia hizo pikiniki. Tulibeba jiko, mkaa, deli la barafu, nyama iliyokwisha kulowekwa viungo, na mvinyo.

Mvinyo ndio uliotutofautisha na wachoma nyama wengine. Kila kiangazi kilipokaribia, mimi na Deo tulikuwa tunakaa uani kwetu mchana wa Jumamosi kuchagua. Yeye analeta chupa za aina aina, nyingi za Dodoma na chache za kutoka nje. Mimi nachoma vipande vidogo vya mbuzi, kuku na samaki sato. Funda moja, kipande kimoja, kisha tunatazamana.

Huu mwekundu mkavu unakata mafuta ya mbuzi. Huu mweupe, ukipoa sawasawa, ni wa sato mwenye ndimu. Huu mwepesi wenye utamu ni wa akina mama ambao hawajazoea. Tulibishana mpaka majirani wakachungulia! Nilikuwa nasema huu una harufu ya zambarau, yeye anasema hapana, ni harufu ya udongo mvua inapoanza. Tulicheka sana. Nikikumbuka michana ile huwa najiuliza, hivi ni mtu yule yule?

Kisha nikapata ajali.

Nilikuwa nimepanda bodaboda natoka Maganzo kununua mbuzi, pikipiki ikateleza kwenye kokoto, nikagonga kisogo. Nilipona. Mifupa yote salama. Lakini niliporudi nyumbani na kuinamia jiko, sikusikia harufu yoyote. Nyama iliungua mbele ya macho yangu na mimi sina habari. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa kunusa umeumia, huenda ukarudi, huenda usirudi. Ulimi wangu ulibaki kutambua chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Vingine vyote vikawa kama maji ya uvuguvugu.

Nililia, jamani! Mchoma nyama asiye na pua ni nini?

Deo alinishika mkono akaniambia, "Mama Kabula, usilie. Mimi nitakuwa pua yako."

Na kwa kweli alikuwa. Michana ya Jumamosi tuliendelea kukaa uani. Yeye ananusa, ananieleza taratibu mpaka mimi naiona ile harufu kichwani. Ila aliniomba jambo moja. "Usimwambie mteja yeyote. Wakijua huonji kitu, watatukimbia." Nikaona ana hoja. Nikanyamaza. Mteja akiniuliza huu mvinyo ukoje, namrudishia maneno ya mume wangu kama yalivyo. Hakuna aliyegundua.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Deo alikuwa na rafiki zake wa zamani kule Segese. Wakamshawishi aingie nao ubia kwenye duara, lile shimo ambalo wachimbaji wadogo wanateremka kutafuta dhahabu. Aliniambia ni jambo dogo tu. Kumbe kila tulichopata kwenye pikiniki alikuwa anakifukia mle! Leo wamekata matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisibomoke, kesho maji yamejaa, keshokutwa wanasema mwamba umekaribia... Na dhahabu haionekani. Mume wangu akaanza kukonda. Ukimsemesha, anakuitikia akiwa mbali.

Nikaona pia ameacha kuniita uani kuonja. Anasema, "Pumzika, nimeshachagua." Chupa zinakuja vizibo vimelegea. Nilipomuuliza alinijibu kwa ile sauti yake ya mezani, "Nimezifungua mapema zipumue. Mvinyo mwekundu lazima upumue." Ningebisha nini? Yeye ndiye aliyefundishwa na wageni.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumwite Masanja. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemlea. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole, si mlevi, soda yake ikiwa baridi ameridhika. Kiangazi kilichopita alikuwa anajiandaa kumuoa binti aitwaye Ng'washi. Ng'ombe wa mahari walishafika kwao. Nikasema, mdogo wangu hataoa kimyakimya! Nitawaandalia ndugu wa pande mbili pikiniki kwenye mawe, wale, wafahamiane.

Siku hiyo nilichoma mbuzi kwa mapenzi yangu yote. Deo akashughulikia chupa. Jua lilikuwa kali, upepo unavuma vumbi kidogo, watoto wanapanda mawe na kuteleza. Ng'washi alikuwa amekaa karibu na Masanja kwa haya, anamtolea mifupa kwenye sahani. Nilijiona nimefika.

Shangazi yake Ng'washi ni mwalimu, mama anayejua mvinyo, alishakuwa mteja wetu. Alipiga funda moja la ule mwekundu, akaiweka glasi chini.

"Mama Kabula," aliniita kwa upole, "hii waini ya leo ina nini? Inanukia kama kitu cha dukani kwa fundi rangi."

Watu wakaacha kutafuna. Wakwe wananitazama. Uso ukanichoma kwa aibu! Nikageuka kumtafuta Deo. Alikuwa amesimama kwenye deli la barafu, soda mkononi, maana alisema yeye ni dereva siku hiyo. Na mimi pia alikuwa amenipa soda, akidai jua na kichwa changu cha ajali havipatani.

"Ni aina mpya, Mwalimu," Deo alijibu. "Ni mkavu sana, ndivyo wanavyokunywa wakubwa."

Nami, mke mwema, nikamuunga mkono. Nikaichukua glasi, nikaipeleka puani, nikavuta pumzi mbele ya watu wote kama mtu anayenusa. Sikusikia kitu! Lakini nikasema kwa sauti, "Mbona ni mzuri? Una harufu ya zambarau."

Mwalimu akatabasamu tu, hakunywa tena. Wengine wakafuata, wakaacha glasi zao nusu. Nikaona shughuli yangu inaharibika. Ndipo nikafanya lile ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Nikamfuata Masanja, nikammiminia glasi ikajaa.

"Kunywa, mdogo wangu. Leo ni siku yako."

"Dada, mimi hivi vitu sivijui."

"Kunywa, nimekuchagulia mimi."

Akanywa. Aliponitazama niliona anajilazimisha, lakini alimaliza, kwa kuwa ni dada yake niliyempa. Nikamwongeza. Akamaliza na hiyo.

Tulirudi nyumbani jua halijazama. Masanja alilalamika kichwa na tumbo, nikamwambia ni jua, alale kwangu chumba cha wageni. Wanaume wawili wa upande wetu nao walitapika, nikadhani ni nyama. Nilijilaumu kwa nyama!

Asubuhi niliingia chumbani nikiwa na kikombe cha uji. Jua lilikuwa limejaa dirishani mpaka kitandani. Masanja alisikia mlango, akageuza uso, akanipa salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, dada... Mbona mmeniamsha kungali giza? Umeme umekatika?"

Kikombe kilinidondoka.

Nilipunga mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Deo alikuja mbio, akasimama mlangoni, akamwona Masanja anapapasa shuka kutafuta mkono wangu. Hakuuliza kuna nini. Wasomaji, hakuuliza! Aliegemea ukuta akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Hospitali walimwekea dripu, wakamhangaikia kwa kila walichokuwa nacho. Wale wanaume wawili walilazwa wakapona, walikuwa wamekunywa kidogo. Daktari aliniita pembeni, akaniambia alichokunywa mdogo wangu si mvinyo mtupu, kimechanganywa na spiriti isiyo ya kunywa wanadamu, na sumu yake imekula mishipa ya macho. Nilimuuliza lini ataona. Akaniambia mishipa hiyo ikifa haifufuki.

Polisi walinikamata mimi. Si ndiye niliyemimina? Si watu wote walinisikia nikisifia? Nililala mahabusu nikiapa kwamba ule ulikuwa mvinyo safi uliochaguliwa na mume wangu. Niliapa kwa jina la mwanangu! Mpaka Deo alipokuja mwenyewe kituoni, akawaambia askari wamwachie mke wake kwani hajui kitu.

Walituweka chumba kimoja wakati wa maelezo. Hapo ndipo nilipoyasikia yote. Hela ya mvinyo wa kweli ilikuwa inaishia kwenye duara. Akapata mtu kule machimboni anayeuza pombe ya kuongezea, nyekundu, ya bei ya chini. Alianza kwa kuchanganya kidogo, akaona mimi sigundui, akazidisha. Yule mtu alimhakikishia kwamba haina madhara. Kila nilichomwambia mteja tangu hapo, kumbe nilikuwa muuza uongo bila kujua.

Nilimuuliza jambo moja tu.

"Baba Kabula, ulimwona Masanja anakunywa?"

"Nilimwona."

"Glasi ya pili?"

"Niliiona."

"Mimi ulinipa soda. Yeye ukanyamaza?"

Alilia. "Ningesemaje mbele ya wakwe, Mama Kabula? Ningesemaje?"

Kwa hiyo alikuwa na wasiwasi na zile chupa! Alikuwa na wasiwasi wa kutosha kuuzuia mkono wangu mimi, asiwe nao wa kutosha kuuzuia mkono wa mtoto niliyemlea. Sijui kama huko ni kunipenda. Nimejiuliza usiku na mchana, sijapata jibu.

Deo yuko gerezani. Nilikwenda kumwona, nikakaa mbele yake mpaka muda ukaisha, nikaondoka. Kabula ananiuliza baba anarudi lini. Namwambia ukweli kwa kiasi anachoweza kuubeba. Wateja waliniacha, na nani angewalaumu? Jiko nimeuza.

Upande wa Ng'washi walirudisha ng'ombe. Walikuja wazee wawili, kwa adabu, wakasema binti yao bado mdogo na maisha ni marefu. Masanja aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye kiti, akawashukuru kwa kuja! Walipoondoka aliniomba nimpeleke akawashike wale ng'ombe, awatambue mmoja mmoja kwa mikono. Nilisimama kando ya zizi nikalia kimya ili asinisikie. Alinisikia. Akaniambia, "Dada, wewe ulinipa kwa upendo." Afadhali angenitukana.

Ndugu zangu mnaosoma, siwaambii msinywe wala mnywe. Siwaambii msiwaamini waume zenu na wake zenu, maana nyumba bila kuaminiana ni gereza jingine. Ninachowaomba ni hiki. Usiape kwa kitu ambacho hukukijaribu mwenyewe. Ukipungukiwa na uwezo fulani, iwe pua, iwe macho, iwe kusoma, usikubali mtu akuambie uufiche, hata kama anayekuambia analala kitanda kimoja na wewe. Mwambie mteja, mwambie ndugu, waambie wakwe. Na mtu akikuambia chakula chako au kinywaji chako kina kasoro, mshukuru, kimwage, hata kama sherehe itaharibika.

Siku ile pale kwenye mawe ilikuwa inatosha niseme, "Mwalimu, mimi sinusi, tangu nipate ajali sinusi kitu." Ningechekwa. Wakwe wangenisengenya mpaka jioni. Kisha tungekula mbuzi wetu na soda, tukarudi nyumbani, na asubuhi mdogo wangu angefungua macho akalalamika kwamba jua linamuumiza.