Dada Liko-Njiani

"Binti yangu, hiyo njia ina urefu gani?"

Mwalimu mstaafu aliniuliza hivyo akiwa ameegemea kaunta yangu, miwani imemshuka puani. Ilikuwa mara yake ya tisa kuja. Macho yake yanafifia, na alinunua simu kwetu kwa sababu tangazo la ukutani lilisema simu hiyo itamsomea meseji kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Binti yake yuko mbali, na ni mtu wa kuandika kuliko kupiga. Mpaka siku hiyo simu haikuwa imemsomea hata herufi moja. Meseji za bintiye alikuwa anasomewa na jirani, na jirani mwenyewe akishasoma anapita mtaa mzima kutangaza.

"Sasisho liko njiani, Mwalimu," nikamjibu.

Foleni nzima ikacheka. Walishanipa jina hilo, Dada Liko-Njiani. Hata sokoni nikichagua nyanya nasikia mtu nyuma yangu ananiita hivyo, nami nageuka.

Sentensi ile haikuwa yangu, niliiazima kwa mchumba wangu. Yeye alikuwa ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, kampuni yetu hiyohiyo ya mtandao wa simu, na kazi yake haikuwa ngumu. Kiwanda cha simu kikitengeneza sasisho, yaani programu mpya ya kuiongezea simu uwezo kama huo wa kusoma, haliendi moja kwa moja kwa wateja. Linakuja kwanza kwetu, yeye analijaribu kwenye simu chache, anasaini, kisha linaachiwa watu wote. Tulimwita Injinia. Tai shingoni mpaka Jumamosi.

Nikimuuliza kulikoni, leo ataniambia kiwanda hakijaleta. Kesho wanaotengeneza chipu za simu wamechelewa. Keshokutwa kosa ni la wateja, simu zao wamezijaza picha. Yote niliyameza. Mapenzi bwana. Mdomo wangu wote huu, kwa yule mwanamume nikawa bubu.

Na huko nyumbani wimbo ulikuwa huohuo. Miaka miwili ananiambia barua ya posa iko njiani. Mjomba wake aliyemlea ndiye wa kuileta, na mjomba eti ana mgongo, hawezi safari. Baba yangu alipaka rangi sebule kuwapokea wageni. Rangi ikafifia, akapaka tena. Mama yeye aliacha kabisa kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu hiyohiyo aliyokuja Mwalimu, likabandikwa tangazo kazini. Malalamiko yamefika juu, Ijumaa Mkuu wa kanda anakuja, na atakayeonekana mzembe atapoteza kazi. Sasa fomu zote za malalamiko zina mwandiko wa nani? Wangu. Nikamwandikia Injinia:

"Ijumaa nafukuzwa kazi mimi. Sasisho liko wapi?"

Akajibu: "Ni hao wa kiwandani. We waambie liko njiani. Nakupenda."

Jumatano akaingia mwanamke mmoja wa makamo, viatu vya chini, laptopu kwapani. Hakupanga foleni. Alikuwa wakala wa kile kiwanda cha simu, na alikuja amejaa hasira.

"Ni wewe unayewaambia watu kwamba kiwanda chetu hakijaleta sasisho?"

"Ndivyo ninavyoambiwa, mama."

Akafungua laptopu juu ya kaunta akanigeuzia. Karatasi ya makabidhiano, tarehe, muhuri wetu wa kupokea. Miezi mitano iliyopita. Mitandao mingine yote ilishawapa wateja wao, akasema, na simu zao zinasoma meseji kama kawaida.

"Kwenu limekwama kwenye sahihi moja tu."

"Ya nani?"

"Mkaguzi wa masasisho. Ghorofa ya pili."

Nilipanda zile ngazi mbilimbili kwa hasira. Injinia alikuwa anakunywa chai. Sikumsalimia. Nikavuta droo yake, na simu za majaribio zilikuwemo zote, bado ziko kwenye nailoni zake.

"Hata kuzifungua hukuzifungua?"

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Nimesimama."

Akapangusa mdomo taratibu, kama mtu anayetaka kumwelewesha mtoto.

"Sikiliza. Nikisaini, halafu simu za watu zikaharibika, nani atalaumiwa? Mimi. Nisiposaini, kinalaumiwa kiwanda. Mtu mwenye akili angefanya nini?"

"Na mimi ninayetukanwa huko chini?"

"Wewe una maneno matamu. Wateja wanakupenda."

Sikuwa na hasira tena. Nimewahi kumlilia mtu huyu mpaka mto ukalowa. Nimewahi kumtetea mbele ya baba yangu mzazi. Na pale nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza, mwanamume mzima, ndevu kidevuni, anaogopa kalamu.

Kalamu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na barua ya posa huwekwa sahihi.

Nikashuka mpaka katikati ya ngazi nikampigia mjomba wake. Miaka yote miwili Injinia alinikataza kumpigia, eti nisimchoshe mgonjwa. Simu ilipokelewa na mtu anayehema, nyuma yake nyundo zinagonga.

"Shikamoo Mjomba. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Mgongo gani? Niko juu ya paa hapa, naezeka."

Nikajieleza mimi ni nani. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, hiyo barua niliiandika kwa mkono wangu, mwaka juzi. Nikampa aweke sahihi yake tuje. Kila nikimuuliza ananiambia baba yako ndiye anayesita."

"Baba yangu amepaka rangi sebule mara mbili, Mjomba."

Nyundo zikaacha kugonga. Aliniomba radhi, mzee wa watu, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Ijumaa tukaitwa wote kwenye chumba cha mikutano. Mkuu wa kanda hakuzunguka. Aliweka fungu la fomu zangu mezani akauliza:

"Wateja wanadai walichotangaziwa. Nani anahusika?"

Nilidhani Injinia atasema kiwanda. Ningemsamehe hata kwa hilo. Akakohoa, akanyoosha tai.

"Mzee, tatizo ni dada wa kaunta. Amekuwa akiwaahidi wateja vitu bila kutuuliza. Nilishamwonya."

Hakunitazama. Miaka miwili ya "mpenzi" na "roho yangu", na akanitupa kama ganda la ndizi, hata sauti haikumkwama. Nikanyoosha mkono nikaomba ruhusa ya kusoma meseji zake za kikazi. Nilizisoma kuanzia ya kwanza, na tarehe zake. Waambie liko njiani. Waambie kiwanda. Waambie Jumatatu. Nikafika kwenye ile ya mwisho na sikuiruka "Nakupenda" yake. Mtu mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Kisha nikamsogezea Mkuu nakala ya ile karatasi ya makabidhiano, aliyonitumia wakala nikaichapa. Aliisoma, akamgeukia Injinia.

"Simu za majaribio ziko wapi?"

"Ziko kwenye droo, mzee."

"Umezijaribu?"

"Nilikuwa njiani kuzifungua, mzee."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Wallahi sijawahi kucheka vile kazini.

Jumatatu alihamishiwa stoo, kwenye makasha ya chaja, ambako hakuna cha kusaini. Meza yake alipewa binti mmoja mgeni. Alizifungua zile simu, akazijaribu siku mbili, akasaini, akaenda kula. Siku mbili. Watu walinitukana miezi mitano kwa kazi ya siku mbili.

Alhamisi Mwalimu alikuja kwa mara ya kumi. Nikaisasisha simu yake, na wakati inajiwasha upya nikamwambia nitamwonyesha kwanza kwenye yangu, ambayo nilishaisasisha, ajue pa kubonyeza. Nikaweka simu yangu katikati ya kaunta. Palepale meseji ikaingia. Nikabonyeza bila kuangalia imetoka kwa nani.

Simu ikasoma kwa sauti kavu, kama mtangazaji wa vifo redioni, bila kuruka hata emoji:

"Mpenzi nimekosa. Ni shetani tu alinipitia. Uso unaolia. Uso unaolia. Moyo. Nisamehe turudiane. Barua ya posa iko njiani."

Foleni nzima ilisogea. Hata mlinzi mlangoni aligeuza shingo. Mwalimu akaipandisha miwani yake puani, akanigeukia.

"Hiyo nayo njia yake ina urefu gani, binti yangu?"

"Miaka miwili, Mwalimu."

"Basi itakuwa imepotea."

"Haijapotea. Haikuwahi kuondoka."

Akatikisa kichwa. Nikachukua simu nikajibu mbele yake: "Basi na ikae hukohuko. Na wewe kaa hukohuko." Nikabonyeza tuma. Nilingoja nione kama moyo utaniuma. Uliuma kidogo, nisidanganye, halafu nikakumbuka zile nailoni kwenye droo.

Simu ya Mwalimu ikawaka. Zilikuwamo meseji nne za bintiye ambazo hakuwa amesomewa, kwa sababu jirani alikuwa amesafiri. Mkono wake ulikuwa umeshasogea kwenye kitufe.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," nikamwambia.

Nikamtafutia spika za masikioni, nikamchomekea mwenyewe, nikamvutia kiti pembeni, mbali na foleni. Akabonyeza. Sikusikia alichosomewa, na hakuna mtu mwingine aliyesikia. Nilimwona tu anavua miwani, anafuta macho kwa mkono wa shati, anabonyeza tena ile ya kwanza.

"Anayefuata," nikasema.