Miiba ya Kivuko cha Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kwandu hukagua zizi la ndama nyumbani kwao Zagayu. Siku hiyo alikuta mvua imebomoa upande mmoja, na mama yake akampa panga akakate miiba ya kuziba pengo.

Kukata miiba kunachosha, na Kwandu hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Akakumbuka miiba iliyokwisha kukatwa, ile iliyolazwa barabarani penye kivuko cha chini cha mto. Mzee Bundala, mwenyekiti wa kitongoji, huiweka pale kila mto unapojaa ili mtu asivuke. Mwaka jana maji yalimchukua mwanawe Mayala mahali hapohapo. Tangu hapo watoto hawachezi pale, na wakipita hushusha sauti.

Kwandu alivuta tawi moja, kisha yote. Maji yalionekana yametulia. Alihisi kama kuna mtu anamtazama mgongoni, akaondoka mbio bila kugeuka.

Saa nne Mzee Bundala alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi.

"Novatus wa bodaboda aliondoka saa moja kufuata dawa za zahanati Bariadi. Hajafika, na simu haipatikani. Tunamtafuta kivuko cha juu, maana cha chini nimekifunga mwenyewe. Kuna aliyemwona?"

Kwandu alisikia maji yakivuma masikioni, ingawa mto ulikuwa mbali. Aliogopa viboko, aliogopa baba yake, na zaidi ya yote aliogopa kuwa Novatus amekwisha kufa.

"Nauliza tena," mzee alisema. "Hakuna aliyemwona?"

Kwandu akasimama. "Mzee, kivuko cha chini kiko wazi. Miiba niliitoa mimi asubuhi, nikazibia zizi letu."

Mzee Bundala hakumgombeza. Aligeuka akakimbia, akiwaita watu walete kamba za mikokoteni.

Walimkuta Novatus katikati ya maji, ameng'ang'ania mti, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Pikipiki ilikuwa imekwenda na mto. Walimvuta kwa kamba hadi ukingoni.

Jioni mzee alifika kwa kina Kwandu. Mama alimpa kigoda, naye mzee akaketi, akamgeukia Kwandu.

"Maji yakitulia juu, chini yanavuta. Ndiyo maana barabara ikifungwa, hatuvuki, wala hatugusi alama ya kuifunga, hata kama ni tawi tu. Na ukikosea, sema mapema. Umesema kweli, Kwandu, na Novatus yuko hai. Nashukuru."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini nilipofika mtoni Novatus alikuwa amebaki ameshika mti kwa mkono mmoja. Na mimi nilikuuliza mara mbili, mwanangu."